Mashine ya Kupiga Dawa Tuliyoijenga Garissa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu ametuomba tueleze habari za ile mashine ya kupiga dawa tuliyoijenga Garissa wakati wa likizo, kwa kuwa wengi wamezisikia nusu nusu. Wengine wamesikia kwamba mashine ilifanya kazi vizuri. Wengine wamesikia kwamba ilitaka kuua mtu. Yote mawili ni kweli, na tutasema yote, pamoja na makosa yetu wenyewe.

Huenda mtu akauliza, watu wa reli walitafuta nini Garissa? Reli haijafika huko. Katika mpango wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, njia ya reli imechorwa kutoka Lamu kupita Garissa hadi Isiolo, lakini bado hatujaona taruma hata moja. Sisi tulikwenda kwa basi, kwa njia ya Thika na Mwingi. Mwenzetu mmoja wa karakana ni mzaliwa wa huko, na ndugu zake wana mashamba kando ya mto Tana. Wanalima ndizi, maembe, nyanya, vitunguu na tikiti maji. Walikuwa na Land Rover kuukuu iliyokuwa ikibeba matunda kupeleka sokoni, na kazi yote ya kupiga dawa ilifanywa na vibarua kwa bomba la mgongoni.

Bomba la mgongoni mwalijua, hasa ninyi wa genge la njia mnaopiga dawa ya majani kando ya reli. Hubeba lita 16 au 20. Mkono mmoja unapampu na mkono wa pili umeshika fimbo ya kupulizia, na mtu anatembea mbele akiingia katika dawa ile ile aliyoimwaga. Kifuniko kikizeeka, huvuja, na maji hushuka mgongoni mpaka kiunoni. Kule tuliona kijana amefunga mfuko wa nailoni mgongoni ili asilowe. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo yake ya kinga.

Basi tukasema, gari lipo, sisi ni mafundi, tutafanya bomba libebwe na gari.

Wazo hili si geni katika nchi zetu. Miaka ya 1950, nzige wa jangwani walipokuwa wakiharibu Afrika Mashariki, wataalamu wa nzige waliokuwa Nairobi walitengeneza bomba la ajabu la kufungwa katika Land Rover. Mmoja wao aliitwa H. J. Sayer. Bomba lile halikuwa na pampu. Moshi wa ekzosi ndio uliosukuma dawa kutoka katika tangi, na moshi huo huo ukaipasua dawa iwe matone madogo sana, upepo ukayachukua mbali. Fundi yeyote akilifikiri jambo hili atatikisa kichwa kwa furaha. Lakini dawa iliyotumiwa ilikuwa dieldrin, ambayo haifi upesi. Hukaa katika udongo na katika mafuta ya mnyama kwa muda mrefu, na kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 imekatazwa duniani. Baadaye, mwaka 1962, nchi zetu zilitia sahihi mjini Addis Ababa mkataba wa kuunda shirika la kupigana na nzige wa jangwani kwa pamoja. Na wote mnakumbuka jinsi nzige walivyorudi mwishoni mwa Desemba 2019, wakaingia Mandera na Wajir, na mwaka 2020 ndege na magari yakapiga dawa sehemu nyingi za kaskazini.

Tumesema haya kwa sababu kule Garissa wazee walituambia, "Fanyeni kama yale ya nzige." Tukakataa. Bomba la nzige lataka upepo uchukue dawa mbali. Bomba la shamba lataka dawa ianguke juu ya nyanya na isiende kwa jirani, wala mtoni, wala kwa mbuzi wanaolala ng'ambo ya ua.

Sasa kazi yenyewe. Tulinunua pipa la plastiki la lita 100. Wenyeji walitaka la lita 200, lakini lita ya maji ni kilo moja, na springi za Land Rover ile zilikuwa zimechoka. Tena maji yasiyojaa pipa hutembea. Ninyi mnaosukuma mabehewa ya mafuta mnajua jinsi behewa lililojaa nusu linavyopiga teke ukifunga breki. Tulilifungia pipa kwa fremu ya chuma cha pembe, karibu na mgongo wa dereva kuliko nyuma, tukaweka mpira wa tairi chini yake ili lisitoboke. Halafu tulilipaka rangi nyekundu na kuchora fuvu pande zote. Usiache jambo hili. Katika nchi kavu pipa ni mali, na siku moja mtu atakuja kulitaka kwa maji ya kunywa.

Pampu ilikuwa ya umeme wa volti 12, ile ndogo yenye kiwambo ndani, tuliyoinunua Nairobi. Waya wake tuliutoa moja kwa moja katika betri, na fyuzi karibu na betri. Mkono wa nyuma ulikuwa paipu ya nusu inchi yenye nozeli nne, sentimita 50 kati ya nozeli na nozeli, basi ulifunika upana wa mita mbili. Tuliupa bawaba na springi upande wa kulia na wa kushoto, kwa sababu ya mathenge. Mti ule uliletwa nchi kavu uzuie jangwa, na leo umefunga njia na kingo za mto. Kisiki chake kikigonga mkono usiokunjika, mkono huvunjika. Miiba yake ilitutoboa tairi mara tatu kabla hatujapiga hata tone moja la dawa.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni maji ya Tana. Ni mekundu kama chai ya maziwa. Siku ya kwanza nozeli mbili ziliziba kabla ya kufika mwisho wa mstari, na kijana mmoja akataka kuipuliza nozeli kwa mdomo. Tukampigia kelele. Nozeli husafishwa kwa mswaki na maji, kamwe si kwa mdomo. Baada ya hapo tulichota maji jioni, yakalala usiku kucha katika pipa jingine, na asubuhi tukachota ya juu tu na kuyapitisha katika kitambaa, kisha katika chujio la waya. Tena dawa nyingine za majani huharibiwa na tope, zikawa hazina nguvu, na mkulima hudhani ameuziwa bandia.

Kupima ni rahisi, na asiyepima anamwaga fedha. Tulijaza maji matupu, tukaweka kopo chini ya kila nozeli kwa dakika moja. Kila moja ilitoa lita 0.8, zote nne lita 3.2. Halafu tulipima mita 100 kwa utepe, tukaendesha kwa gia ya chini mpaka tukazipita kwa dakika moja kamili, ndio mwendo wa kilomita 6 kwa saa. Upana mita mbili mara mita 100 ni mita za mraba 200. Kwa hiyo hektari moja yataka lita 160, na eka moja lita 65 hivi. Ukiyajua hayo, wasoma karatasi ya dawa na kuweka kipimo chake bila kukisia.

Mpaka hapo tulikuwa tukijisifu. Sasa kosa letu.

Swichi ya pampu na koki tulikuwa tumeziweka nyuma, karibu na pipa. Sababu ilikuwa moja tu: tulitaka kuokoa waya wa mita nne. Kwa hiyo ilimpasa mtu mmoja asimame nyuma ya gari, afungue na kufunga kila mwisho wa mstari. Mzee mwenye shamba alitutazama kwa muda, akauliza, "Na huyo wa nyuma, naye ni mdudu?" Tukacheka. Tena mpira mmoja tuliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kwa kuwa klipu zilikuwa zimekwisha na duka lilikuwa mbali.

Siku ya tatu jioni, mpira ule ulichomoka. Dawa ilimpiga kifuani mwenzetu aliyekuwa nyuma, naye alikuwa amevaa shati na ndara. Alijifuta kwa kitambaa, akasema si kitu, akaendelea na kazi kwa sababu jua lilikuwa linatua. Sisi nasi tulimwacha aendelee. Baada ya muda alianza kutoka jasho jingi, mate yakamjaa, akatapika, na mikono ikatetemeka. Tulipomulika tochi tukaona mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

Dawa ile ilikuwa ya jamii ya oganofosfeti, ambayo hupenya ngozi na kuvuruga mishipa ya fahamu. Tulimvua nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, tukampeleka hospitali katika Land Rover ile ile. Mmoja wetu alikumbuka kuchukua chupa ya dawa. Hilo lilisaidia sana, kwa maana daktari alisoma jina papo hapo na kumpiga sindano ya atropini bila kupoteza wakati. Alilala siku tatu. Leo yupo hapa, ameketi nyuma pale, na ametupa ruhusa tuseme.

Tuliporudi shambani tulinunua waya wa mita nne. Swichi ikawa mbele, mkononi mwa dereva, na mpira wa dawa haukuingia ndani ya gari hata kidogo. Akizima umeme, pampu inasimama na dawa inakatika. Klipu za chuma kila mahali, mbili mbili. Dumu la maji safi na sabuni likafungwa upande wa mlango, na halitumiki kwa jambo jingine. Kazi hufanywa asubuhi upepo ukiwa mdogo, wala haifanywi wakati wa Kusi likivuma kwa nguvu. Anayechanganya dawa huvaa glavu, miwani, gambuti na ovaroli, kwa sababu dawa iliyo katika chupa ni kali kuliko iliyo katika pipa. Chupa tupu huoshwa mara tatu na kutobolewa.

Waya ule ulikuwa na bei ndogo kuliko nauli ya mtu mmoja kutoka Nairobi.

Sasa twarudi nyumbani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga na mafunzo, na vifaa hivyo mfanyakazi halipii. Sheria ya mwaka huo huo ya fidia, ile watu huiita WIBA, yahusu pia ugonjwa unaotokana na kazi. Lakini kibarua mwenye mfuko wa nailoni mgongoni hazijui, na hata baadhi yetu wa genge la njia tumepiga dawa ya majani kwa mikono mitupu tukala mkate papo hapo bila kunawa. Tumeulizana: ni nani kati yetu aliyewahi kusoma jina la dawa anayopewa? Walioinua mkono walikuwa wawili.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, twaomba jambo hili liandikwe katika ajenda ya mkutano ujao na wasimamizi: kwamba kila genge linalopiga dawa lipewe glavu, miwani na dumu la maji na sabuni kabla ya kuanza kazi, na kwamba karatasi yenye jina la dawa isomwe kwa Kiswahili mbele ya wote. Mchoro wa mashine tumemwachia Katibu. Anayetaka kuunakili aje na karatasi yake.