SUMU INAYOFUNGA PUMZI: DAWA IPO, LAKINI HAISUBIRI

(Mada iliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa jamii na viongozi wa vikundi vya wakulima)



Tumeombwa tuzungumzie sumu zinazoshambulia mishipa ya fahamu. Wengi wetu tukisikia jambo hili tunawaza vita vya mbali. Ni kweli, Machi 1988 gesi za sumu ziliua maelfu ya watu katika mji wa Halabja, Iraki. Tarehe 20 Machi 1995 sarini ilimwagwa ndani ya treni za chini ya ardhi jijini Tokyo, Japani.

Lakini chimbuko la sumu hizi ni kilimo. Mwaka 1936 mkemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu, akapata tabuni. Sarini ikafuata mwaka 1938. Ndugu zake, yaani viuatilifu vya oganofosfati, vimo katika maduka ya pembejeo na stoo zetu. Vingine ni vikali, vingine ni hafifu, ila njia ya kudhuru ni moja.

Mwili hutuma ujumbe kwenye misuli na tezi kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukifika, kimeng'enya huiondoa kemikali hiyo. Sumu hukizuia kimeng'enya, na ujumbe haukomi. Mgonjwa hutokwa mate, machozi na jasho. Hutapika na kuharisha. Mboni za macho husinyaa. Misuli hutetemeka, kisha hulegea. Kifo huja kwa kushindwa kupumua.

Je, dawa ipo? Ipo. Atropini hukausha majimaji yanayojaa mapafuni na kuamsha mapigo ya moyo. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, lakini mgonjwa huweza kuhitaji dozi nyingi kwa muda mfupi. Haiponyi misuli iliyolegea, hivyo wengine huhitaji mashine ya kupumulia. Pralidoksimu hukifungua kimeng'enya, mradi itolewe mapema. Hata hivyo, utafiti wa Sri Lanka uliotolewa mwaka 2009 haukuona faida yake kwa waliokunywa viuatilifu. Wataalamu bado wanatafuta dawa bora zaidi.

Tokyo ilitufundisha jambo jingine. Baadhi ya wauguzi na madaktari waliugua kwa mvuke uliotoka kwenye nguo za wagonjwa. Kwa hiyo, tukimpata aliyedhurika, tufanye haya:

1. Tumtoe penye sumu, tukijikinga mikono.
2. Tumvue nguo, tumwoshe kwa maji mengi na sabuni.
3. Tusimpe maziwa wala kumtapisha. Akilegea, tumlaze ubavu.
4. Tumwahishe hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa.

Wapo pia wanaokunywa sumu kwa kukata tamaa. Tusiwahukumu, tuwawahishe, kisha tukae nao. Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, na vifo vya kujiua vikapungua sana. Nasi tunaweza kuanza na kufuli ya stoo, na kuacha kuhifadhi dawa kwenye chupa za soda.

Mwisho, kila kamati ya zahanati iulize swali moja kabla ya msimu wa kupulizia: atropini ipo ya kutosha? Tusingoje kuliuliza huku mgonjwa yuko mlangoni.