Kutua na Kutulia: Mada Juu ya Afya ya Nafsi ya Majipsi na Wasafiri wa Uingereza na Ireland



Lugha yetu ina vitenzi viwili vya tumbo moja, kutua na kutulia. Mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua mtini, nahodha hutua tanga. Na mtu ambaye fadhaa imemtoka moyoni husemwa kuwa ametulia. Wahenga waliolizaa neno la pili kutokana na la kwanza walijua kuwa nafsi haipati utulivu mpaka mwili upate mahali pa kutua. Nimeufanya ujuzi huo kuwa mlango wa mada yangu kwa sababu watu nitakaowanena leo, Majipsi na Wasafiri wa Uingereza na Ireland, aghalabu hudhaniwa kuwa huugua roho kwa kupenda kwao kuhamahama, ilhali ushahidi nitakaouleta mbele yenu waonyesha kuwa huugua kwa kunyimwa pa kutua.

Jambo hili si geni kwetu kama lionekanavyo. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini mapatano ya wahudumu wa afya mwezi wa Julai 2021, njia ya vijana wetu kwenda kuuguza wagonjwa wa huko imepanuka, na muuguzi atokaye Kisumu au Mombasa aweza kukutana zahanati na mgonjwa ambaye hata majirani zake Waingereza hawakupata kumjua.

Watu wenyewe

Asili ya Majipsi ni kaskazini ya Bara Hindi, walikotoka wazee wao yapata miaka elfu moja iliyopita. Lakini Waingereza walipowaona mara ya kwanza waliwadhania kuwa watu wa Misri, na jina la Jipsi likazaliwa na kosa hilo. Makaribisho yao yalikuwa sheria ya mwaka 1530 ya kuwafukuza nchini, ikafuatwa na nyingine ya 1554 iliyowawekea adhabu ya kifo. Wasafiri wa Ireland ni watu mbali: wao ni wenyeji wa kisiwa kile tangu kale, wana lugha yao iitwayo Cant au Gammon, na zamani waume zao walikuwa wahunzi wa bati na wachuuzi wa farasi. Pamoja na ukale wao, dola la Ireland halikuwatambua kuwa kabila mpaka tarehe 1 Machi 2017, Waziri Mkuu Enda Kenny alipolitamka jambo hilo Bungeni. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu katika England na Wales watu zaidi ya 71,000 waliojiandikisha kuwa Majipsi au Wasafiri wa Ireland, na ile ya Ireland ya mwaka 2022 ikahesabu Wasafiri karibu 33,000.

Ni watu wa staha kubwa. Katika nyumba nyingi za Majipsi, beseni la vyombo vya kulia halifuliwi nguo wala halinawiwi mikono, na choo hakipendezi kukaa chini ya dari moja na jiko. Mtu wa pwani aliyelelewa katika twahara hahitaji kufasiriwa jambo hili. Lakini mgeni akilipuuza huenda mlango ukafungwa nyuma yake, na maneno mazuri atakayoyaleta siku ya pili yasipate masikio.

Kutua kulikozuiwa

Sheria ya mwaka 1968 iliwalazimisha madiwani wa England na Wales kuwajengea watu hawa vituo vya kuegeshea magari yao ya kukalia. Kituo, kama mjuavyo, nacho ni mtoto wa kitenzi kile kile. Vituo vichache vikajengwa, aghalabu kando ya majalala na njia kuu ambako hapana mwingine aliyetaka kukaa, kisha sheria ya 1994 ikaufuta wajibu huo. Mwaka 2022 ikaja sheria nyingine iliyowapa polisi mamlaka ya kumkamatia gari mtu aliyeegesha bila ruhusa na akakataa kuondoka. Na gari hilo kwake ndiyo nyumba, kitanda na jiko. Mahakama Kuu ya London iliamua mwezi wa Mei 2024 kuwa sehemu ya sheria hiyo haipatani na haki za binadamu.

Tufikiri maana ya mambo haya kwa mama mwenye mtoto mgonjwa. Barua ya hospitali yafika mahali alipofukuzwa juma lililopita. Siku ya miadi yapita hana habari. Jina lake laondolewa katika orodha, naye huanza foleni upya katika mji mwingine, kwa tabibu mwingine asiyejua habari zake. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, walinena wazee. Seuze huyu asiye na usultani.

Wako wasemao kuwa dawa ni kuwapa nyumba za mawe. Taarifa ya Chuo Kikuu cha Sheffield ya mwaka 2004 yatutahadharisha: iligundua kuwa Majipsi na Wasafiri wa England walikuwa na wahaka takriban mara tatu kuliko watu wengine, na kuwa waliokaa majumbani walikuwa na wahaka zaidi na maradhi ya kudumu, na wale wasafirio kwa nadra ndio waliokuwa na afya dhaifu kupita wote. Mtu aliyezoea kuamka akizungukwa na shangazi, wajomba na binamu, akitiwa ndani ya kuta nne baina ya majirani wamtukanao, amepewa paa akapokonywa jamaa.

Kimya cha waume

Huko Ireland, uchunguzi mkubwa wa afya ya Wasafiri uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kuwa waume wao hujiua mara sita hadi saba zaidi ya waume wengine, na kuwa katika kila vifo mia vya Wasafiri, kumi na kimoja vilikuwa vya namna hiyo. Plastiki ilipoingia, kazi ya bati ilikufa. Farasi walipotoweka mashambani, biashara yao ikadhoofika. Na mume ambaye baba yake alikuwa fundi wa kutafutwa akajikuta hana cha kumrithisha mwanawe. Dhiki hiyo haitamkwi. Kwao jina la ugonjwa wa akili ni fedheha iwezayo kuharibu posa ya binti, hivyo mgonjwa husema tu kuwa mishipa yake ya fahamu haiko sawa, kama mtu wa kwetu asemavyo kuwa ana mawazo. Muuguzi asiyejua msamiati huu atampa dawa ya usingizi na kumuaga.

Yaliyofaa, na yafaayo

Jambo lililozaa matunda lilianza Dublin mwaka 1994, pale jumuiya ya Pavee Point, kwa kushirikiana na idara ya afya, ilipowafundisha wanawake wa Kisafiri kuwa wahudumu wa afya wa jamaa zao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: mwanamke aliyezaliwa garini hagongi mlango wa gari kwa kishindo, wala haulizi swali la aibu mbele ya mkwe. Mfano huo ukaenea Ireland, na serikali yake sasa ina mpango wa afya ya Wasafiri wa mwaka 2022 hadi 2027.

Rai zangu ni tatu. Kwanza, kituo salama kihesabiwe kuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa hapana ushauri uwezao kumtuliza mtu anayengoja kufukuzwa asubuhi. Pili, huduma iwafuate watu walipo na furaha zao, mathalani katika maonyesho ya farasi ya Appleby kila Juni, ambako vijana huwaogesha farasi katika mto Eden na mume huonekana tena kuwa fundi. Tatu, muuguzi asiogope kumwuliza mtu waziwazi, kwa sitara na kwa upole, kama amefikiri kujitoa uhai. Swali hilo halipandi mbegu ya mauti, bali humfungulia njia ya kusema aliyekuwa amebanwa.

Namalizia kwa jambo dogo. Fomu ya kwanza atakayoishika muuguzi wetu katika zahanati ya Uingereza itakuwa na mstari wa anwani. Kanuni za huduma ya afya ya England haziruhusu mtu kukataliwa kuandikishwa kwa daktari kwa kukosa uthibitisho wa makazi. Basi mgonjwa akikosa la kuandika pale, mstari na uachwe mtupu, kiti kisogezwe, naye aambiwe aketi.