Tupange Pesa Kabla Maji Hayajaingia Nyumbani

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia

Mmeniomba tuongee juu ya pesa za kurekebisha nyumba zinazoingiza maji. Nimefurahi, kwa sababu jambo hili watu hulikumbuka mvua ikiwa imeshafika, na wakati huo hakuna la kufanya ila kuinua godoro na kuchota maji kwa sufuria.

Kule mjini ziko nyumba zenye chumba chini ya ardhi, na wenyewe hutumia pesa nyingi kuzuia maji yasiingie huko. Sisi wa vijijini hatuna vyumba hivyo, lakini shida yao tunayo. Tazama nyumba za miteremko ya Murang'a, Kisii au Taita. Mtu anachimba kilima apate mahali tambarare, anajenga, na ukuta wa nyuma unabaki umeegemewa na udongo. Nusu ya ukuta ule imezikwa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka ndani ya udongo, yanafika ukutani, na yakikosa njia nyingine yanapita sebuleni kwako.

Hasara yake

Msidhani ni unyevu tu. Gunia la mahindi likikaa juu ya sakafu yenye maji, au likiegemea ukuta ulioloa, linaota ukungu. Ukungu mwingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliingia katika mahindi ya watu wa Makueni, Kitui na sehemu za jirani. Wagonjwa 317 waliandikishwa, na 125 kati yao wakafa. Mahindi yao yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Ukiosha mahindi ya namna hiyo au ukiyapika, sumu haiishi.

Halafu kuna watoto wanaokohoa kila masika, blanketi zisizokauka, na msingi unaoliwa pole pole mpaka ukuta unapasuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nasema, piga hesabu ya ufa na hesabu ya ukuta, uone ipi ndogo.

Kwanza jua maji yanatoka wapi

Usinunue hata kilo moja ya simiti kabla ya kujua adui wako. Maji huingia kwa njia tatu: yanayoanguka kutoka mabatini, yanayotiririka juu ya ardhi kutoka upande wa juu, na yanayopanda kutoka chini kupitia msingi.

Tuanze na mabati. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1, unapata lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina eneo la mita mraba 48. Usiku mmoja wa mvua kubwa ya milimita 50 utamwaga lita 2,400 kutoka paa hilo. Hayo ni mapipa 12 ya lita 200! Kama huna gata, mapipa hayo yote yanamwagika kando ya msingi wako. Sasa utamlaumu nani?

Kuna jaribio lisilo na gharama. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kila upande, ukibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Ngoja siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi maji yanapita ukutani. Ukikuta matone upande wa chumba, hayo ni mvuke wa kupika na pumzi za watu. Dawa yake ni kufungua madirisha.

Kazi ya hatua mbili

Hatua ya kwanza ni kuyafukuza maji kabla hayajafika ukutani. Weka gata. Ondoa udongo ulioegemea ukuta pale inapowezekana, mpaka sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 au zaidi. Lainisha ardhi iteremke ikiondoka nyumbani, sentimita 5 kwa kila mita 1. Kisha chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, mita 1 hadi 2 kutoka ukutani. Upana sentimita 40, kina sentimita 60, nao uteremke sentimita 1 kwa kila mita 1 ili maji yasilale. Usichimbe chini kuliko msingi wako, utaulegeza. Jaza mawe mpaka zibaki sentimita 10. Kwa mtaro wa mita 12 utahitaji mawe kama wilibaro 40, na mawe hayo mengi tunayo mashambani.

Maji ya mtaro yapeleke kwenye migomba au nyasi. Usiyaelekeze kwa jirani, wala kwenye choo cha shimo.

Hatua ya pili ni ya ukuta wenyewe, na ni kwa nyumba za mawe au matofali. Fundi anapiga plasta upande wa nje, simiti 1 kwa mchanga 3, akichanganya na dawa ya kuzuia maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Ukuta wa mita 8 kwa mita 1 na nusu utakula kama mifuko 2 ya simiti. Mingine 2 ni ya ukanda wa simiti chini ya ukuta. Plasta inyunyiziwe maji siku 7, la sivyo itapasuka. Nyumba ya udongo usiipige simiti, kwa sababu simiti hufungia unyevu ndani na udongo huoza. Hiyo itoshee gata, mtaro na paa lililotokeza nje vizuri.

Wengi huanza na hatua ya pili. Tena wanapiga plasta upande wa ndani kwa vile ni rahisi. Maji yaliyo nyuma ya ukuta yanasukuma, na baada ya msimu mmoja au miwili plasta inabanduka. Pesa zimekwenda, maji yamebaki.

Bajeti yenyewe

Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Nendeni maduka matatu, mwandike bei za kila moja, ndipo mweke zenu.

Hatua ya kwanza:
Gata vipande 8 vya mita 2, kwa shilingi 450: 3,600
Vishikio, misumari na bomba la kuteremsha maji: 1,800
Kuchimba na kubeba mawe: kazi ya mikono yetu
Akiba ya dharura, 10 kwa 100: 540
Jumla: shilingi 5,940

Hatua ya pili:
Simiti mifuko 4, kwa 800: 3,200
Mchanga wilibaro 8, kwa 100: 800
Dawa ya kuzuia maji pakiti 2, kwa 300: 600
Fundi siku 3, kwa 1,200: 3,600
Akiba ya dharura: 820
Jumla: shilingi 9,020

Zote mbili ni shilingi 14,960 kwa nyumba moja. Ile akiba ya dharura msiifute ati bajeti ionekane ndogo. Bei hupanda, gata hupindika, na fundi huomba siku ya nne.

Hesabu ya kikundi

Tuchukue kikundi cha watu 15. Kila mtu anatoa shilingi 250 kwa wiki. Wiki moja ni 3,750, na wiki 24 ni 90,000. Mtazitumiaje?

Njia ya kwanza ni kumaliza nyumba moja kabisa, ndipo muende kwa nyingine. Baada ya wiki 24 mtakuwa mmemaliza nyumba 6. Wenzenu 9 bado wanachota maji, na huku wamechanga sawa na wengine. Hapo ndipo maneno huanza, na vikundi huvunjika.

Njia ya pili ni kufanya hatua ya kwanza kwa nyumba zote. Nyumba 15 mara 5,940 ni shilingi 89,100. Kwa pesa zile zile na wiki zile zile, kila mmoja ana gata na mtaro, na shilingi 900 zimebaki. Kisha mnatazama msimu mmoja wa mvua. Nyumba ambazo zimekauka, hazina haja ya hatua ya pili. Zile ambazo ukuta bado umeloa, mnaanza kuchangia hizo. Mimi ningechagua njia hii. Na kama 250 ni nzito kwenu, toeni 125 kwa wiki 48. Haba na haba hujaza kibaba.

Kumbukeni pia kuwa mtaro hauhitaji kungoja pesa. Jigaweni vikosi viwili, kila kikosi nyumba moja kila Jumamosi. Mkianza Juni masika yakishaisha, kwa Jumamosi 8 mitaro 15 imekwisha kabla ya vuli. Gata zifuate kwa zamu.

Nani awe wa kwanza? Asiwe mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti. Watu watatu wazunguke nyumba zote, waandike kila walichoona: maji yamefika wapi, nani ana mtoto mdogo, nani ana mgonjwa. Orodha isomwe mbele ya wote. Na yule bibi mzee asiyeweza kushika jembe, kubalianeni mapema kuwa mtamchimbia. Msingoje siku ya kazi ndipo mbishane.

Mwekahazina aandike kila shilingi kwenye daftari, iwe ni taslimu au ya M-Pesa, na risiti zote zibandikwe. Mkinunua gata za nyumba kadhaa kwa pamoja, mwombeni mwenye duka awapunguzie. Fundi apewe pesa kwa vipande: kidogo akianza, na salio baada ya kumwaga ndoo kadhaa za maji na kuona yanakoelekea.

Onyo moja

Kuna maji ambayo bajeti haiwezi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, na zile za Machi hadi Mei 2024, zilituonyesha kilima kikishuka na nyumba pamoja na watu. Ukiona nyufa mpya kwenye mteremko juu ya nyumba, miti inayoinama, au chemchemi imetokea ghafla mahali palipokuwa pakavu, achana na mambo ya plasta. Hamisha watu kwanza, halafu umjulishe naibu wa chifu. Nyumba hujengwa tena.

Basi, ndugu zangu, msikubali kuondoka hapa bila kuchagua wale watatu wa kuzunguka nyumba.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, maji huingia kwa njia gani kati ya zile tatu?
2. Ni vitu gani tunavyo tayari, ambavyo hatuhitaji kununua?
3. Kila mmoja wetu anaweza kutoa kiasi gani kwa wiki bila kuwanyima watoto chakula?
4. Tutafanya nini mwenzetu akishindwa kuchanga wiki tatu mfululizo?