Damu, Mbu na Mpunga wa Madibira



Ukiteremka kutoka Mafinga kuelekea Rujewa, baridi unaiacha nyuma na kuingia Madibira, penye mashamba ya mpunga yapatayo hekta 3,000 yanayopata maji ya mto Ndembera. Msimu ukifika watu humiminika huko kutoka milimani Mufindi, kutoka Usangu kwenyewe na mikoa ya mbali. Wote huumwa na mbu wale wale, lakini damu zao si sawa.

Chembechembe nyekundu za binadamu, kama za ng'ombe na mbuzi, hazina kiini. Za kuku zinacho. Chembe isiyo na kiini haiwezi kujitengenezea kimeng'enya kipya. Huishi siku zipatazo 120 kwa akiba iliyoanza nayo. Kimeng'enya kimoja, G6PD, huilinda isiunguzwe na sumu za oksijeni. Wako watu waliozaliwa na aina dhaifu, inayochakaa mapema. Ni wazima kabisa, wanalima na kucheza mpira. Ila wakimeza dawa kama primakwini au dapsoni, chembe huweza kupasuka kwa wingi, macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Chanzo hicho kilijulikana mwaka 1956, huko Marekani.

Sasa, mbona kasoro hii haikufutika zamani? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1960 kwamba Afrika Mashariki imeenea zaidi penye malaria nyingi. Mwaka 1961 yeye na David Clyde walieleza kuwa watoto wa Tanganyika wenye kasoro hiyo walikuwa na vijidudu vichache vya malaria. Yaani mbu ndiye aliyeitunza! Wala si zawadi ya bure: uchunguzi mkubwa wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa inapunguza malaria ya kichwani lakini inaongeza upungufu mkali wa damu.

Na dawa zimewahi kutuponyoka. Lapdap, yenye dapsoni, ilijaribiwa hata Muheza, ikaingia sokoni, kisha ikaondolewa mwaka 2008 kwa sababu ya damu hizo hizo. Dawa mseto ya ALu haimo katika kundi hilo.

Kwenye nchi ya mpunga, mkojo ukiwa mwekundu watu husema kichocho, na mara nyingi wanasema kweli. Lakini aliyemeza vidonge juzi, leo ana macho ya manjano na anahema akitembea hatua kumi, huyo asiongezewe kidonge kingine. Apelekwe kituo cha afya upesi, na pakiti ya dawa ichukuliwe pamoja naye. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, kutoka kwa mama yake. Kwa hiyo mgonjwa akiwa mwanamume, mganga aulize habari za wajomba kabla ya kuuliza za baba.