Baina ya Tende na Sinia



Ramadhani ya mwaka 2015 ilituangukia hapa Uingereza katikati ya kiangazi, tukafunga zaidi ya saa 18. Ikiadhiniwa magharibi, mimi hulivamia sinia: sambusa, kaimati, mihogo ya nazi, na maji baridi bilauri tatu. Isha ilinikuta nimelala chali kwa kiungulia. Saumu niliitimiza, tarawehe nyingi niliziuza kwa kaimati.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende kabla ya kuswali, na asipozipata, kwa maji. Nasi twajua kuwa tumbo huchukua kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Basi tende, maji, swala. Ndipo uji na mbaazi, na vya kukaanga vichache.

Daku lisiwe chai na mkate mweupe tu. Mbaazi zilizobaki zina nyuzinyuzi za kulainisha choo, jambo tunaloliona haya kulitaja ilhali wengi wetu latusumbua. Maji nayo tuyanywe kidogo kidogo hadi alfajiri.

Kina mama, kaimati zenu sizikatai. Naomba tu zisitangulie swala.