Kabla ya Kumrudisha Kiumbe Majini: Mafunzo ya Chura wa Kihansi

Mazungumzo kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo na wajumbe wa kamati za parokia



Mada niliyopewa ni utunzaji wa viumbe wa majini. Ningeweza kuieleza kwa maneno ya jumla, lakini maneno ya jumla hayamfai mtu aliyeacha shamba lake asubuhi ili aje kuketi hapa. Kwa hiyo nimechagua kiumbe mmoja tu, ambaye urefu wake haufiki sentimeta tatu: chura wa Kihansi.

Naomba mniruhusu nianzie mbali kidogo. Huko Uingereza watu wengi huchimba vidimbwi katika bustani za nyumba zao, si kwa ajili ya kufuga samaki, bali wanyama wadogo wa asili wapate mahali pa kuishi. Mwishoni mwa majira ya baridi, yaani Februari na Machi, vyura wa huko hutaga mayai mengi yaliyoshikamana, mfano wa uji mzito uliojaa punje nyeusi. Zamani mwenye kidimbwi kipya alichota ndoo ya mayai hayo kwa jirani, akayamimina kwake, akangojea viluwiluwi. Siku hizi wahifadhi wa nchi hiyo humshauri asifanye hivyo. Ndoo haibebi mayai peke yake. Hubeba pia vipande vya magugu ya kigeni, na hubeba magonjwa, hasa yale ya virusi viitwavyo ranavirusi, ambavyo vimewaua vyura wengi sana wa nchi hiyo tangu miaka ya 1980. Mwenye kidimbwi huambiwa aandae mahali: ukingo wenye mteremko mdogo ili chura aweze kutoka majini, majani ya kujifichia, na samaki wasiwemo, maana samaki hula viluwiluwi. Akishafanya hayo, angoje. Ikiwa vyura wapo katika maeneo ya jirani, watakuja wenyewe.

Mtaona kwamba katika shauri hilo mahali hutangulia na kiumbe hufuata. Kwa kidimbwi cha bustani jambo hilo ni jepesi. Sasa tuje nyumbani tuone ugumu wake.

Mto Kihansi hutiririka kutoka Milima ya Udzungwa na kuporomoka kwenye korongo refu kabla ya kufika bonde la Kilombero. Maporomoko yale yalikuwa yakirusha manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima, na chini yake palikuwa na vipande vya ardhioevu vilivyolowa daima, vyote pamoja vikiwa na ukubwa wa hekta chache tu. Mwaka 1996 watafiti walimkuta humo chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye sayansi ilikuwa haijamfahamu. Hajapatikana mahali pengine popote duniani. Tena hatagi mayai kama vyura tuliowazoea, bali huzaa watoto walio hai, wadogo mno, kila mmoja akiwa na milimita chache tu. Basi hata mtu angetaka kumhamisha kwa ndoo ya mayai, hayo mayai hayapo.

Yafaa tuutazame vizuri mwaka huo wa 1996. Ujenzi wa bwawa la umeme ulikuwa tayari umeanza. Wanaokumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990 watakubali kwamba taifa lilikuwa na haja ya kweli, na mradi wa Kihansi wa megawati 180 haukuwa anasa. Lakini tathmini ya awali ya mazingira haikuwa imechunguza ipasavyo uhai uliomo korongoni, kwa hiyo chura alijulikana wakati fedha zimekwisha kukopwa na miamba imekwisha kupasuliwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote: swali la haki liliulizwa kwa kuchelewa, na swali linaloulizwa kwa kuchelewa hugharimu mara nyingi zaidi.

Umeme ulipoanza kuzalishwa, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yaliingizwa kwenye njia ya chini ya ardhi kuelekea kwenye mitambo. Manyunyu yakakoma. Mimea ya ardhioevu ikaanza kunyauka. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx iliyoko New York, kisha wakagawanywa kwa bustani nyingine. Wengi walikufa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwafuga. Baada ya miaka michache waliosalia walikuwa wachache sana, wakitunzwa Bronx na Toledo peke yake.

Huko korongoni nako mafundi waliweka mabomba yenye vinyunyizio ili kuiga manyunyu ya asili, na mwanzoni palikuwa na matumaini. Katikati ya mwaka 2003 walihesabiwa wapatao elfu ishirini. Miezi michache baadaye walitoweka karibu wote. Kuvu aitwaye kitridi, ambaye hushambulia ngozi ya vyura na ameangamiza jamii nyingi za vyura duniani, alionekana katika miili yao. Wako pia waliotaja dawa za kuulia wadudu zilizotoka mashamba ya juu ya mto, na wengine walitaja vinyunyizio vilivyokuwa vimesimama kwa muda. Wataalamu hawakuafikiana juu ya uzito wa kila sababu. Mwaka 2009 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi ulitangaza kwamba chura huyu ametoweka porini.

Najua wananchi wengi walinung'unika: iweje mabilioni yatumike kwa ajili ya vyura, ilhali zahanati hazina dawa? Nasikia bado swali hilo linaulizwa, na si la kijinga. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaolitumia kumdhihaki chura. Si yeye aliyeleta gharama. Gharama ilitokana na kuamua kwanza na kuchunguza baadaye, na wanaolipa kwa namna hiyo ni walewale wanaongoja dawa zahanatini.

Kazi ya kumrudisha ilichukua miaka mingi. Mwaka 2010 vyura 100 waliletwa kutoka Marekani hadi kwenye nyumba maalumu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Watanzania walijifunza kuwalea na kuwazalisha, hata kuwafugia wadudu wa kula. Mwaka 2012 vyura zaidi ya elfu mbili wakaachiliwa korongoni. Kabla ya hapo walijaribiwa wachache ndani ya vizimba, ili ionekane kama udongo na mimea ya pale bado itawaua. Aingiaye korongoni husafisha viatu vyake kwa dawa, kwa kuwa tope la kwenye soli laweza kubeba kuvu. Wengine waliachiliwa katika miaka iliyofuata, lakini wingi ule wa mwaka 2003 haujarudi.

Wala manyunyu ya asili hayajarudi. Chura wa Kihansi leo anategemea bomba, na bomba linategemea mtu wa kulisafisha lisizibe kwa mchanga. Anategemea pia mkulima wa juu ya mto anayeombwa asilime hadi ukingoni na asimwage dawa majini. Mkulima huyo ana haki ya kuelezwa sababu, tena kwa heshima, na kuulizwa atalima wapi.

Kwetu sisi, wapo wenye mabwawa ya samaki, na wengine wana visima na mifereji. Msihamishe maji, matope wala viumbe hai kutoka bwawa moja hadi jingine bila kumshauri afisa anayehusika, hata mkiombwa na rafiki.

Na panapokuja mradi mkubwa wa maji katika eneo lenu, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya ujenzi, na wananchi washirikishwe. Mkutano ukiitishwa kijijini, kamati ipeleke watu wawili wanaoujua mto: mmoja anayelima kando yake na mmoja anayechota maji humo kila siku. Waulize maji yatapungua kwa kiasi gani wakati wa kiangazi, na ni nani aliyekwenda kutazama kilichopo chini ya maporomoko.