Simu Ikiibwa, Kazi na Pesa Zisiende Nayo



M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu ya mkononi ilikuwa ya kupiga, kupokea na kutuma ujumbe. Leo simu hiyohiyo ni benki, ni daftari la chama, ni kabati la vyeti na ni ufunguo wa eCitizen. Kwa sababu hiyo, swali la simu gani nzuri haliishii kwenye kamera na betri. Swali kubwa ni hili: ikipotea leo, mwenyewe atabaki na nini?

Mchukulieni mama muuza mboga wa Kangemi. Alfajiri hupanda matatu kwenda Marikiti kununua bidhaa, na simu iko mkononi kwa sababu hesabu yote imo humo. Gari likisimama kwenye foleni, mkono wa mtu unaingia dirishani. Kufumba na kufumbua, simu imekwenda. Simu yenyewe ina bei yake dukani, lakini akiba, madeni ya wateja na picha ya cheti cha mtoto havina duka. Mambo manne yanaweza kumwokoa, na yote hufanywa kabla ya siku hiyo.

La kwanza ni nambari za siri mbili tofauti: moja ya kufungua simu, nyingine ya M-Pesa. Mwaka wa kuzaliwa na tarakimu za kitambulisho hazifai, kwa kuwa mara nyingi picha ya kitambulisho imo ndani ya simu hiyohiyo.

La pili ni PIN ya laini, ambayo wengi hawajaiwasha. Mwizi akishindwa kufungua simu, huchomoa laini na kuitia kwenye simu nyingine. Hapo ataanza kupokea nambari za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe, na kwa nambari hizo atajaribu kufungua baruapepe na akaunti nyingine. Laini yenye PIN haifanyi kazi kwenye simu nyingine mpaka PIN hiyo iandikwe. Sehemu ya kuiwasha imo kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Kabla ya kuiwasha, tafuteni kadi iliyokuja na laini, kwa maana ina PIN ya mwanzo na nambari ya PUK. Kukosea PIN mara tatu hufunga laini, na PUK ndiyo huifungua.

La tatu ni IMEI, nambari ya tarakimu 15 inayotambulisha simu. Bonyezeni *#06# nayo itaonekana. Iandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani, pamoja na kuhifadhi risiti.

La nne ni nakala. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, zinazotosha majina ya watu, picha za vyeti na hesabu za biashara ndogo. Lakini hapa pana mtego. Watu wengi hufunguliwa akaunti na muuzaji siku ya kununua simu, pale Luthuli au Moi Avenue, kisha huondoka bila kujua anwani wala nywila yake. Nakala ikiwa kwenye akaunti ambayo mwenyewe hawezi kuifungua, ni sawa na kutokuwa nayo. Kila mmoja aangalie leo: simu yake inatumia baruapepe ipi, na nywila yake anaijua?

Simu ikishaibwa, mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza azime simu ya jamaa na apigie mtandao wake ili laini na akaunti ya pesa zifungwe. Pili abadilishe nywila ya baruapepe. Tatu aende kituo cha polisi na IMEI yake ili apate nambari ya OB. Nne aende na kitambulisho kwa mtandao wake arudishiwe laini. Anayeanza kwa kuzunguka akitafuta mwizi humpa mwizi muda. Isitoshe, ni vyema mara kwa mara kubonyeza *106# ili kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kwenye saiba

Wengi wetu hatuna kompyuta nyumbani, na saiba ya mtaani ndiyo ofisi. Kila mwaka, Juni 30 ikikaribia, foleni hujaa watu wa kujaza ritani za KRA. Mhudumu wa saiba ni msaidizi mzuri, ila asiwe mwenye akaunti. Akaunti ya KRA au eCitizen ikifunguliwa kwa baruapepe ya saiba, nywila mpya ikiombwa itakwenda saiba. Mwenye akaunti atalazimika kurudi huko kila mara, na saiba ikifungwa au kuhama, atakwama.

Andikeni nywila wenyewe. Kompyuta ikiuliza kama ihifadhi nywila, jibu ni hapana. Kwenye Chrome, kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja hufungua dirisha la faragha, ambalo halitunzi kumbukumbu ya ukurasa likifungwa. Faili iliyopakuliwa hubaki hata hivyo, hivyo ifutwe, na pipa la taka limwagwe. Flashi inayopita kwenye kompyuta nyingi hubeba virusi. Afadhali kujitumia hati kwa baruapepe.

Laptopu ya mtumba

Mwanafunzi au fundi anayetafuta laptopu mjini hukutana na nyingi zilizotumika ng'ambo. Zipo nzuri, lakini asilipe kabla ya kuijaribu. Aiwashe bila chaja. Kwenye Windows, afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Kompyuta itatoa ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Wa sasa ukiwa chini ya nusu, bei nayo ishuke.

Aulize pia toleo la Windows. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Kompyuta kama hiyo si ya kutupwa: yaweza kuwekewa Ubuntu, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice ya kuandika barua na kufanya hesabu. Ikiwa ni nzito kuwaka, mara nyingi dawa ni kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD, bila kununua mashine mpya. Programu zilizovunjwa kufuli zisikubaliwe, maana aliyevunja kufuli anaweza kuwa ameacha mlango wazi.

Stima na mtandao

Stima hukatika, na ikirudi huweza kurudi kwa nguvu. Chomoeni chaja ikikatika, na wakati wa kuandika zoeeni kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, Ctrl na Z hukirudisha.

Mtandao nao huyumba. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ikawa ya kusuasua kote Afrika Mashariki. Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa na huduma zikatatizika. Aliyekuwa na nakala ya hati yake kwenye simu au karatasi alikuwa na cha kuonyesha. Basi hati muhimu iwe mahali patatu: kwenye kifaa, kwenye akaunti ya mtandaoni, na kwenye karatasi nyumbani.

Ndugu wakazi, hakuna kati ya haya linalohitaji kifaa cha bei ghali. IMEI huchukua dakika moja, PIN ya laini dakika tano, na nywila ya baruapepe jioni moja. Kabla ya kulala leo, kila mmoja afanye moja kati ya hayo, kisha amsaidie mzazi au jirani kufanya hilohilo.